Taka za Tabata Zilikwenda Wapi?

Mtaani kwetu Tabata, kabla jua halijatoka, sauti ya kwanza baada ya adhana ni ya ufagio wa chelewa. Akina mama wanafagia majani ya mwembe na mwarobaini, wanayakusanya pembeni, wanayafukia shimoni nyuma ya nyumba. Majani hayana kesi, yanaoza yalipoanguka. Shida ni zile nyingine: pempasi, chupa, mifupa ya samaki, betri za rimoti. Hizo hazina shimo. Hizo zinasubiri gari.

Mwaka juzi gari lilikaa wiki tatu bila kuonekana. Ada tulishalipa, risiti tunazo. Viroba vikajaa getini, mbwa wakavichana, nzi wakahamia jikoni. Nikafanya walichofanya majirani: nikamwita kijana wa guta, nikampa elfu mbili.

"Unaenda kumwaga wapi?" nikamuuliza.

Akacheka. "Dada, si umeshalipa?"

Ni kweli, nilishalipa. Nikafunga geti.

Mvua za Aprili ndizo zilizonipa jibu. Mtaro wa kule chini uliziba, maji yakaingia kwa bibi mmoja anayeuza vitumbua. Tulipokwenda kumsaidia kuchota maji, nikaona kiroba kimenasa mlangoni kwake. Kilikuwa cha mchele wa Kyela, kimefungwa kwa kipande cha kanga yangu iliyochakaa. Sikusema kitu. Nilikizoa na kuendelea kuchota maji.

Aibu ile ndiyo iliyonirudisha kwenye historia ya huku ninakoishi. Tabata, ndugu msomaji, ina jina katika vitabu vya sheria, na sababu yake ni takataka.

Kwa miaka mingi Jiji la Dar es Salaam lilikuwa likimwaga taka zake hapa. Zilikuwa zinachomwa, na moshi, harufu na nzi vilikuwa sehemu ya maisha ya waliokaa jirani na dampo. Wakazi wakalalamika, kisha wakachoka kulalamika. Mwaka 1988 Joseph Kessy na wenzake walilishtaki Jiji katika Mahakama Kuu, kesi ya madai namba 299 ya mwaka ule. Wakashinda. Mahakama ikaliamuru Jiji liache kumwaga taka Tabata na litengeneze dampo mahali ambapo halitadhuru afya za watu.

Jiji likaomba muda. Likapewa. Muda ukaisha, likaomba tena. Magari yakaendelea kuja, wakati wakazi wana hukumu mkononi.

Mwaka 1991 ombi jingine la kuongezewa muda lilifika mbele ya Jaji Lugakingira, naye akalikataa. Alishangaa kuona mamlaka ya umma inakwenda mahakamani kwa kujiamini kabisa kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akaishika ibara ya 14 ya Katiba, ile ya haki ya kuishi. Hapo kuna jambo linalonigusa. Haki hizi ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, lakini hadi Machi 1988 mwananchi hakuweza kuzidai mahakamani. Zilikuwa bado mbichi kabisa, na mojawapo ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kumlinda mtu wa kawaida dhidi ya moshi wa jalala. Mawakili wa mazingira wanaitaja kesi hii hadi leo. Sisi tunaokaa hapa, wengi wetu hatujawahi kuisikia.

Lakini Jiji lililokatazwa Tabata halikuacha kuzalisha taka. Magari yakageuza njia, yakaelekea Kunduchi Mtongani. Huko nako kulikuwa na watu. Festo Balegele na wenzake 794 wakafungua shauri mwaka huohuo wa 1991, nao wakashinda. Magari yakageuza tena, safari hii Vingunguti, kando ya Mto Msimbazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zamu ikawa ya Mtoni. Kisha Pugu Kinyamwezi, mbali kabisa na katikati ya mji, na huko ndiko taka zetu zinakopelekwa sasa, pale zinapofika.

Ukiyapanga majina hayo unaona mtindo. Hata wakoloni walipoligawa jiji kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, huduma ya kuzoa taka ilifuata mgawanyo huohuo. Uzunguni ilisafishwa vizuri, Uswahilini ilijisafisha yenyewe. Baada ya Uhuru majina ya kanda yakafifia, ila mwelekeo wa gari la taka haukubadilika sana: linatoka kwenye mitaa yenye lami kwenda kwenye mitaa isiyo na wakili.

Sisemi kwamba hakuna kilichojaribiwa. Halmashauri za miji zilifutwa wakati wa Madaraka Mikoani, zikarudishwa 1978 zikiwa hoi, magari mabovu na hazina tupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 taka zilizozolewa Dar es Salaam hazikufika hata asilimia 10 ya zilizotupwa. Mwaka 1994 kampuni binafsi ikapewa kata za katikati ya jiji. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa, Tume iliyoongozwa na Charles Keenja ikashika usukani, na kabla muongo haujaisha vikundi vya akina mama na vijana vikaanza kupewa mitaa ya kufagia na kuzoa. Halafu ikaja tarehe 9 Desemba 2015: kipindupindu kilikuwa kinaua watu, Rais Magufuli akafuta gwaride la Uhuru na kutaka nchi nzima ifanye usafi. Siku ile na mimi nilishika ufagio. Tulizoa chungu nzima, tukaiacha kando ya barabara, tukapiga picha. Chungu ile ilikaa pale siku kadhaa.

Hapo ndipo ninapokwama. Kufagia tunajua. Hakuna taifa linaloweza kutufundisha kufagia. Tusichokipenda ni swali linalofuata baada ya ufagio: zinakwenda wapi? Mahakama ililiuliza Jiji swali hilo mwaka 1988, na jibu likawa ni kuhamisha, mara nne. Mimi nililiuliza kwa kijana wa guta, akanijibu kwa swali, nikaridhika. Tofauti yangu na Jiji lile ni ukubwa wa kiroba tu.

Siku hizi gari likichelewa, tunakwenda watatu wanne ofisi ya serikali ya mtaa, na risiti zetu. Yule bibi wa vitumbua huwa wa kwanza kufika. Hatujashinda kitu kikubwa, mara nyingine tunaambiwa tu turudi kesho. Tunarudi kesho. Na nilishamwambia, mwishowe, kuhusu kile kiroba. Alininyamazia kidogo, kisha akasema alikijua siku ileile. Kanga yenyewe alikuwa ameninunulia yeye.