Kuganda kwa Mwili Wakati wa Ubakaji

Kuganda kwa mwili wakati wa ubakaji ni hali isiyo ya hiari ambapo hofu kuu humfanya mtu ashindwe kusogea, kupiga kelele au kujitetea, ingawa fahamu anazo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu wanawake 298 waliofika kliniki ya dharura mjini Stockholm baada ya kubakwa, Uswidi, ulionyesha kuwa asilimia 70 hivi waliganda kwa kiwango kikubwa.

Kiwewe huvuruga pia kumbukumbu. Manusura aweza kukumbuka barabara harufu ya aliyemshambulia, kisha akachanganya saa na mfuatano wa matukio; mahakamani, upande wa utetezi huling'ang'ania pengo hilo na kuliita uongo. Swali la "mbona hukupiga kelele?" limezoeleka mno, nalo halipimi ridhaa hata kidogo.

Katika kesi ya M.C. dhidi ya Bulgaria, waendesha mashtaka walifunga jalada la msichana wa miaka 14 kwa kukosa ushahidi kwamba alipambana. Mwaka 2003 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kuwa sheria lazima iadhibu tendo lisilo na ridhaa hata pasipo ukinzani wa mwili. Uswidi nayo ilifanya ukosefu wa ridhaa kuwa kigezo cha kosa la ubakaji Julai 2018.