Ujumbe unaozinusuru seli za mishipa ya damu

MISHIPA ya damu si mabomba makavu. Kuanzia mshipa mkuu utokao moyoni hadi ile iliyo myembamba kuliko unywele, ndani yake mna safu moja ya seli zilizopangwa bega kwa bega. Utando huo, ambao wataalamu huuita endothelia, huamua ni kitu gani kitoke kwenye damu na kuingia mwilini, na husaidia kuzuia damu isigande ovyo.

Jambo lisilofahamika na wengi ni kwamba seli hizo haziishi kwa chakula na hewa pekee. Huishi pia kwa kuambiwa ziishi. Kila moja imebeba ndani yake nyenzo za kujiangamiza. Kifo hicho cha utaratibu kilipewa jina la apoptosisi mwaka wa 1972 na John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie. Ujumbe wa kuendelea kuishi ukikatika, nyenzo hizo huanza kazi.

Safari ya ujumbe

Miongoni mwa wajumbe wakuu ni protini iitwayo VEGF, ambayo Napoleone Ferrara na wenzake nchini Marekani waliitambulisha kwa jina hilo mwaka wa 1989. Protini hii hutolewa kwa wingi na seli zinazopungukiwa na oksijeni. Ni kwa kufafanua jinsi seli zinavyohisi kiwango cha oksijeni ambapo William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2019.

VEGF inapoifikia endothelia, hunasa kwenye vipokezi vilivyo juu ya seli, mfano wa ufunguo unavyoingia katika kufuli. Ndani ya seli, kipokezi huamsha kimeng'enya kinachoitwa PI3K, nacho huandaa mahali pa kutua protini nyingine, Akt.

Akt ndiyo mlinzi hasa. Huibandika fosfeti protini iitwayo BAD, ambayo ikiachwa huru huwazuia walinzi wengine wa seli kufanya kazi yao. BAD ikishadhibitiwa, mitokondria, yaani vinu vya nguvu vya seli, hubaki salama, na vimeng'enya vya kuikatakata seli haviamshwi. Zaidi ya hayo, Akt huchochea kutengenezwa kwa nitriki oksidi, gesi inayoulegeza mshipa ili damu ipite vyema.

VEGF haifanyi kazi peke yake. Seli sharti pia ziwe zimeshikamana na tabaka lililo chini yake, na msuguano wa damu inayotiririka juu yake nao ni ujumbe wa uhai. Ndiyo maana mshipa mchanga usiopitisha damu aghalabu hunyauka na kutoweka.

Funzo la watoto wachanga

Gharama ya kukatika kwa ujumbe huu ilionekana kabla hata sababu yake haijajulikana. Mwaka wa 1942, daktari Theodore Terry wa Boston alieleza kuhusu upofu wa ajabu kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Katika miaka iliyofuata, maelfu ya watoto walipofuka, hasa katika nchi tajiri zilizokuwa na vifaa bora vya kuwatunza. Mwaka wa 1951, Kate Campbell wa Melbourne, Australia, alielekeza kidole kwenye oksijeni nyingi waliyopewa. Utafiti uliofanywa katika hospitali 18 za Marekani kuanzia 1953 ulithibitisha shaka hiyo.

Mishipa ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hukamilika mimba inapokaribia miezi tisa. Mtoto akizaliwa mapema na kupewa oksijeni kupita kiasi, retina huacha kutoa VEGF ya kutosha. Seli za mishipa hiyo michanga, zikikosa ujumbe, hujiua. Baadaye retina inapokua na kukosa hewa, hutoa VEGF nyingi mno. Mishipa mipya huchipuka shaghalabaghala, huvuja, na huweza kuing'oa retina mahali pake. Mwaka wa 1995 majaribio kwa wanyama yalionyesha kwamba VEGF iliyotiwa machoni huweza kuinusuru mishipa hiyo isife.

Hata hivyo, kupunguza oksijeni kiholela si suluhisho. Baada ya 1954, hospitali nyingi ziliibana mno, na baadhi ya watoto wakafariki au kupata madhara ya ubongo. Kinachohitajika ni kipimo: oksijeni ichanganywe na hewa, na kiwango chake katika damu kifuatiliwe kwa kifaa maalumu saa zote.

Suala hili linazihusu pia nchi kama Kenya, ambako watoto wanaozaliwa kabla ya wakati huokolewa kwa oksijeni hiyo hiyo. Mzazi wa mtoto wa aina hiyo anapaswa kuuliza kuhusu uchunguzi wa macho, ambao kwa kawaida huanza takriban majuma manne baada ya kuzaliwa. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, hutibiwa kwa miale ya leza au kwa sindano ya dawa inayoizuia VEGF iliyozidi. Retina ikishang'oka, kuokoa uwezo wa kuona huwa vigumu sana.