Kompresa ya Sauti na Ngoma za Masasi na Newala

Historia ya kunasa sauti kwa mashine katika nchi ya Masasi na Newala ilianza mwaka 1906, pale Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani wa mila na desturi kutoka Makumbusho ya Leipzig, aliyekuwa amekusudia kwenda Irangi lakini akazuiwa na machafuko ya wakati ule wa vita vya Maji Maji, alipopanda kutoka Lindi hadi Masasi, Chingulungulu, Newala na Mahuta akiwa na wapagazi wa Kinyamwezi, kamera na fonografu. Fonografu ilikuwa mashine isiyotumia umeme: sauti iliingia katika pembe pana, ikatikisa kiwambo chembamba, nacho kikaisukuma sindano iliyochora mfereji juu ya silinda ya nta. Kwa kuwa hapakuwa na kitufe cha kupunguza wala kuongeza, mwimbaji aliyesimama mbali alimezwa na mkwaruzo wa nta, na ngoma iliyopigwa karibu mno iliuvuruga mchoro wa sindano. Njia pekee ya kulinganisha sauti ilikuwa kumsogeza mtu mbele au kumrudisha nyuma. Nyimbo za wapagazi hao zilichambuliwa na Erich von Hornbostel wa Berlin katika makala ya mwaka 1909, na silinda za kale za hifadhi ya sauti ya Berlin ziliingizwa mwaka 1999 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia.

Kazi hiyo ya kusogeza watu ndiyo iliyokuja kukabidhiwa kompresa. Kompresa ya sauti, ambayo haina undugu na kompresa ya upepo ya mafundi wa pancha, ni chombo kinachopunguza tofauti kati ya sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa katika mazungumzo au muziki, kwa kuzishusha zile zinazopanda kupita kiwango kilichowekwa, kisha kuinua zote kwa pamoja ili hata mnong'ono usikike. Kipimo chake ni desibeli, ambayo hutaja uwiano kati ya sauti mbili badala ya ukubwa wa moja peke yake. Ongezeko la desibeli 10 husikika na watu wengi kama sauti iliyokua maradufu, na diski ya sidii inaweza kubeba tofauti ya takriban desibeli 96, upana ambao silinda ya nta haikuukaribia hata kidogo.

Chimbuko la chombo hiki ni redio. Katika masafa ya kati na masafa mafupi, sauti husafirishwa kwa kubadilishabadilisha nguvu ya wimbi. Mabadiliko hayo yakizidi asilimia 100, wimbi hukatika kwa vipindi vifupi, sauti hupasuka na makelele yake huvamia vituo jirani, na yakiwa madogo mno nguvu ya mtambo hupotea bure, na msikilizaji aliye mbali huisikia radi vizuri kuliko taarifa ya habari. Mwaka 1937 kampuni ya Western Electric ya Marekani ilitoa kikuza sauti cha 110A, kilichoweza kuyashusha yenyewe mapigo ya ghafla kabla hayajafika mtamboni, na faida yake haikuwa ndogo, kwa sababu kuinua wastani wa sauti kwa desibeli 3 ni sawa na kuongeza maradufu nguvu ya mtambo wa kurushia bila kununua mtambo mwingine. Kabla ya hapo, na katika vituo vingi kwa miaka mingi baadaye, kazi hiyo ilifanywa kwa mkono.

Huku Tanganyika, Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, Shirika la Utangazaji la Tanganyika likaundwa mwaka 1956, na mwaka 1965 mahali pake pakachukuliwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo wasikilizaji wake walizoea kusikia jina la fundi mitambo likitajwa pamoja na la mtangazaji mwishoni mwa kipindi. Heshima hiyo ilikuwa ya haki. Fundi mitambo alikaa nyuma ya kioo akiangalia mshale wa mita, kidole kikiwa kwenye kitufe, na ubora wake ulikuwa katika jambo ambalo mashine ya zamani haikuliweza kamwe, nalo ni kujua kinachokuja: aliyemzoea mtangazaji wa mpira alishusha sauti wakati mshambuliaji anaingia eneo la hatari, wakati kompresa husubiri ukelele wa goli utokee ndipo ianze kuushusha. Tofauti hiyo kati ya kutangulia na kufuata ndiyo inayoeleza karibu vitufe vyote vya kompresa, na anayeielewa hahitaji kukariri namba.

Kwa wilaya za kusini, zilizo zaidi ya kilomita 400 kutoka Dar es Salaam, sauti iliyosawazishwa ilikuwa sharti la kueleweka. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio nchini kote, ilitegemea redio moja ndogo iliyozungukwa na wanakijiji wengi, na neno lililoshuka kidogo tu lilipotea kwa kikundi kizima. Masafa mafupi ya Dar es Salaam yalibeba pia matangazo ya wapigania uhuru wa FRELIMO kuvuka Ruvuma, ambako Wamakonde wa Msumbiji walikuwa vitani tangu Septemba 1964, na huko kusikika vibaya kulikuwa na gharama nyingine kabisa.

Muziki wa dansi ulirekodiwa katika mfumo huohuo. Bendi kama NUTA Jazz ziliingia studio za Radio Tanzania na kupiga wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa pamoja, mbele ya vipaza sauti vichache, kwenye tepu ambayo yenyewe ilikuwa kompresa ya aina yake, kwa sababu chembe za sumaku zikishashiba haziongezi sauti tena bali hukikunja kilele chake polepole. Ule ulaini ambao wapenzi wa zilipendwa huusifu hadi leo unatokana kwa sehemu na tepu hiyo, ingawa si haki kuipa tepu sifa zote na kuwasahau wapuliza tarumbeta waliojua wenyewe kurudi nyuma mwimbaji anapoanza ubeti.

Wakati huohuo, kwingineko duniani, kompresa ilikuwa ikihama kutoka chumba cha mitambo kwenda studio ya muziki. Katika miaka ya 1960 ilitoka LA-2A, inayotumia taa ndogo na kipande kinachohisi mwanga, kwa hiyo hushika polepole na kuachia polepole zaidi. Mwaka 1967 Bill Putnam akatoa 1176, inayotumia transista na kushika ndani ya sehemu ndogo mno ya milisekunde, yaani ya elfu moja ya sekunde. Hadi sasa programu nyingi za kompyuta zinaiga mashine hizi mbili, na fundi anayezichagua kwa picha tu bila kujua kwamba moja ni ya pole na nyingine ni ya haraka huwa anachagua rangi ya kisanduku.

Vitufe vyenyewe si vingi. Kizingiti ni kiwango ambacho sauti ikikipita ndipo kompresa huanza kazi. Uwiano hueleza ukali wake: kizingiti kikiwa desibeli −20 na uwiano 4 kwa 1, sauti iliyofika −8, yaani iliyopita kizingiti kwa desibeli 12, itatoka ikiwa imepita kwa 3 tu, katika −17, na mshale utaonyesha kwamba desibeli 9 zimepunguzwa. Muda wa kushika ni kitambo kinachopita kabla ya kompresa kushusha sauti kikamilifu, na muda wa kuachia ni kile inachotumia kuirudisha. Mwisho kuna nyongeza, inayofidia kilichopunguzwa. Uwiano ukifika 10 kwa 1 au zaidi, chombo huitwa limita, na kazi yake inakuwa ulinzi. Kwa sauti ya mtangazaji au mhubiri, uwiano wa 2 hadi 4 kwa 1, na kizingiti kilichoshushwa taratibu hadi mshale ucheze desibeli 3 hadi 6 kwenye maneno ya nguvu pekee, hutosha kwa kawaida. Hata hivyo, yote hayo hayana maana kama kiwango cha kipaza sauti hakikuwekwa sawasawa kwanza, kwa kuwa sauti iliyokwisha kupasuka kabla ya kuingia katika kompresa hutoka humo ikiwa imepasuka vilevile.

Mipangilio hiyo, iliyorithiwa kutoka kwa sauti ya mtu anayesoma habari, huharibika mara inapokutana na ngoma za Kimakonde. Singanga, ngoma ndogo yenye mguu uliochongoka unaochomekwa ardhini, hupigwa kwa fimbo mbili nyembamba, na ngozi yake, kama za ngoma nyingine za huku, hukazwa kwa kuoteshwa moto mpaka itoe mlio mkali wa juu. Karibu habari yote ya mlio huo imo katika milisekunde za kwanza za pigo. Kompresa iliyowekwa ishike ndani ya milisekunde 1 hukata ncha hiyo na kuacha kishindo butu, na mpigaji hodari husikika kama mtoto anayegonga debe. Dawa yake ni kuongeza muda wa kushika hadi milisekunde 20 au 40, ili ncha ipite salama na kinachobanwa kiwe mwangwi unaofuata. Muda wa kuachia nao hufuata mwendo wa mpigaji: akipiga mapigo 6 kwa sekunde, kati ya pigo na pigo kuna takriban milisekunde 167, kwa hiyo kompresa isiyoachia kabla ya hapo hulikuta pigo la pili ikiwa bado imebana, na mdundo wote unazama.

Mapiko, mchezo wa vinyago, huleta shida ya namna nyingine. Ngoma humfuata mchezaji hatua kwa hatua, hunyamaza ghafla pamoja naye, kisha hulipuka tena, na ukimya ule ni sehemu ya mchezo. Kompresa yenye uwiano mkubwa na nyongeza kubwa haiujui ukimya. Ngoma zinaponyamaza, huinua kila kilichobaki, yaani vigelegele, watoto na upepo kwenye mikorosho, hata pengo linasikika kubwa kama mlipuko unaofuata. Sindimba, ambayo ilijulikana nchi nzima kupitia kikundi cha taifa cha ngoma katika miaka ya 1960, ina tatizo dogo zaidi, ila pale kipaza sauti kimoja kinapochukua ngoma kubwa na waimbaji pamoja, kila pigo zito huwashusha waimbaji, na sauti huwa kama inapumua. Mafundi huepuka hilo kwa kuweka kichujio kwenye njia ya kuhisi, yaani ile sehemu ya kompresa inayopima sauti bila kupitisha yenyewe, ili mapigo mazito yapite bila kuiamsha.

Nchi hii ina pia kipimo cha upande wa pili. Lulindi, kati ya Masasi na Newala, ilikuwa kituo cha UMCA, misheni ya Kianglikana, na hospitali yake ilihudumiwa kuanzia miaka ya 1930 na Dk. Leader Stirling, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Kwaya za makanisa yaliyotokana na misheni hiyo huimba kwa sauti nne katika majengo yenye mwangwi mwingi. Kwaya ya namna hiyo hujisawazisha yenyewe, na kompresa inapoinua sauti za chini huinua na mwangwi, mpaka maneno yanavurugika. Uwiano wa 1.5 au 2 kwa 1 unatosha, na mara nyingi kipaza sauti kilichosogezwa mbele hufanya kazi nzuri kuliko hata huo.

Sheria ya huduma za utangazaji ya mwaka 1993 ilivunja ukiritimba wa Radio Tanzania, na katika muongo huo studio binafsi kama MJ Productions na Bongo Records zikatoa kizazi cha kwanza cha bongofleva. Baada ya hapo kompyuta ilishuka bei, na programu kama FruityLoops ya Ubelgiji na Cool Edit, ambayo mwaka 2003 ilinunuliwa na Adobe, zikamwezesha kijana mwenye chumba kimoja kuweka kompresa kumi kwenye wimbo mmoja. Wengi waliziweka kweli, kila mmoja akitaka wimbo wake uwe na kelele kuliko wa jirani. Mashindano hayo leo hayana tuzo, kwa kuwa mitandao mikubwa ya muziki husawazisha nyimbo yenyewe; Spotify, kwa mfano, hulenga takriban LUFS −14, kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia, na wimbo uliobanwa kupita hapo hushushwa tu, ukabaki bapa karibu na wenzake wenye uhai.

Kwa ngoma, njia inayowafaa watayarishaji wengi ni ya sambamba, ambapo rekodi hugawanywa njia mbili, moja ikaachwa kama ilivyo na nyingine ikabanwa kwa nguvu, kisha ile iliyobanwa ikaongezwa chini ya ya kwanza polepole hadi mwangwi wa ngoma ujaze nafasi bila ncha ya pigo kuguswa. Kwenye jukwaa la arusi au la jando, ambako kila desibeli ya nyongeza huikaribisha spika kupiga miluzi, mbinu hiyo hupunguzwa sana au huachwa. Na wimbo unaopelekwa kwenye redio za mikoani, ziwe Newala FM au Jamii FM ya Naliendele, ni vema uachiwe vilele vyake, kwa sababu kabla ya sauti kufika kwenye mnara wa redio ya FM kwa kawaida huwa kuna kisanduku kingine, cha ukoo wa Optimod iliyotolewa na Orban mwaka 1975, kitakachoubana kwa mara ya pili bila kumuuliza mtayarishaji.