Kanisa la Marseille na Misheni ya Ushirombo

Katika Marseille, mji wa bandari huko Ufaransa, juu ya kilima cha mawe limesimama kanisa la Notre-Dame de la Garde, lililowekwa wakfu mwaka 1864. Baharia aondokaye hulitazama hata litoweke machoni. Mwaka 1878 Mapadre Weupe wa kwanza waliokuja nchi zetu walipanda meli bandarini hapo. Mwaka 1891 wenzao wakaanzisha misheni ya Ushirombo, ambayo sasa imo mkoani Geita. Huko watu waliokombolewa utumwani walipata makao. Kanisa la mbali lasifiwa kwa kuwa wenyeji walitunza habari zake. Basi, wasomaji, waulizeni wazee ni nani waliofyatua matofali ya makanisa yenu, mkaandike majina yao. Ukuta ukianguka hujengwa tena; habari ikipotea hairudi.