Mtera: Maji Yaingiayo na Yatokayo

Bwawa la Mtera, mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa, halikujengwa kwanza kwa ajili ya kuzalisha umeme. Lilijengwa liwe ghala la maji la mtambo mwingine, ule wa Kidatu, ulio kilomita 170 hivi mbele kwenye mto huohuo wa Ruaha Mkuu. Mitambo ya kwanza ya Kidatu ilianza kazi mwaka 1975, kwa fedha zilizotoka Sweden na Benki ya Dunia miongoni mwa wengine. Awamu ya pili, iliyokamilika mwaka 1980, ilifikisha uwezo wake megawati 204. Bwawa la Kidatu lenyewe ni dogo, lina mita za ujazo milioni 125 hivi, na akiba hiyo haiwezi kuvusha mitambo ya ukubwa huo hadi mwisho wa kiangazi.

Nyanda za kati zina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Baada ya hapo ardhi ya Ugogo hukaa miezi saba bila tone la maana. Umeme hauna msimu: kiwanda cha Dar es Salaam huutaka Oktoba kama kilivyoutaka Machi. Maumbile yalikuwa yamelitatua jambo hili nusunusu huko juu, katika bonde la Usangu, ambako ardhioevu ya Ihefu hupokea maji ya masika na kuyaachia polepole kupitia kizingiti cha mwamba cha Ng'iriama. Maji ya Ihefu yakishuka chini ya kizingiti hicho, mto hukatika. Mtera ilikusudiwa kuifanya kazi hiyohiyo kwa kipimo kikubwa zaidi, na kwa milango inayofungwa na kufunguliwa kwa amri ya mtu.

Ukuta ulijengwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1970: zege la urefu wa mita 260 hivi na kimo cha mita 45, mahali ambapo barabara ya Iringa na Dodoma huvuka mto. Nyuma yake, hapo mito ya Ruaha na Kisigo inapokutana, likatandaa ziwa ambalo likijaa huzidi kilomita za mraba 600 na kubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 3. Kina cha juu cha uendeshaji ni mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, cha chini mita 690. Kwa hiyo hesabu yote ya Mtera inachezewa ndani ya mita nane na nusu. Ziwa ni pana na la kina kifupi, tena limekaa kwenye jua kali la Dodoma, ambalo kwa mwaka hunyonya zaidi ya mita moja na nusu ya maji kutoka juu yake.

Tatizo la mikondo miwili isiyokwenda pamoja haliko mitoni tu. Waandishi wa programu za kompyuta wamehangaika nalo kwa miongo kadhaa, kwa kuwa data ya diski au ya mtandao huja kwa wakati wake, na programu inayoihitaji hufanya kazi kwa kasi yake. Katika Unix ya mwanzo, programu iliyoomba kusoma kwa kawaida ilisimamishwa hadi data ifike. Mwaka 1983 toleo la 4.2BSD, kutoka Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, lilileta amri ya select, ambayo iliwezesha programu moja kuangalia mikondo mingi na kuuhudumia ule ulio tayari. Mwaka 2002 Linux ikapata epoll, ili mikondo ikifika maelfu isilazimu kukaguliwa yote kila mara. Lugha ya Rust, iliyotoa toleo lake la 1.0 mwaka 2015, iliingiza async na await katika toleo la 1.39 la Novemba 2019. Humo, kazi inayosoma mkondo huulizwa kama data imefika. Ikiwa haijafika, kazi hiyo hujibu kwamba bado, huacha namna ya kuamshwa, kisha hupisha kazi nyingine.

Kati ya mkondo unaoingia na unaotoka huwekwa bafa, yaani nafasi ya kumbukumbu yenye ukubwa maalumu, na bafa hiyo ndiyo Mtera ya kompyuta. Haiongezi data hata kidogo. Anayeleta akimzidi kasi anayetumia kwa muda mrefu, bafa hujaa; ikiwa kinyume, hukauka. Programu iliyoandikwa vizuri humrudishia anayeleta habari kwamba nafasi imekwisha, asubiri. Mto haupokei agizo la namna hiyo. Ziwa likijaa, milango ya mafuriko hufunguliwa na maji hupita bure. Mwendeshaji wa bwawa amebakiwa na upande mmoja tu wa kuamulia, nao ni ule wa kutokea.

Upande huo ukawa mgumu zaidi mwaka 1988, Mtera yenyewe ilipowekewa mitambo miwili ya megawati 40 kila mmoja. Tangu hapo, kuzalisha umeme Mtera ni kuachia maji, hata Kidatu ikiwa haiyahitaji. Na mara nyingine haiyahitaji kweli, maana katikati ya mabwawa hayo mawili mito ya Lukosi na Yovi huingia Ruaha bila mlango wala mlinzi. Mito hiyo ikifurika, Kidatu hushiba kwa maji yake. Yale ya Mtera yakiongezwa juu yake humwagika Kidatu bila kupita kwenye maporomoko ya mita 175 ambako yangezalisha umeme mwingi kuliko pale Mtera.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kina cha Mtera kilishuka vibaya na nchi ikaingia kwenye mgao wa umeme. Lawama zilikwenda kwa ukame, kwa mashamba ya mpunga ya Usangu na kwa wafugaji. Hazikuwa za bure: tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Lakini mpunga humwagiliwa zaidi wakati wa masika, na Mtera hutegemea mafuriko ya msimu huo kuliko vijito vya Oktoba. Watafiti waliouiga mfumo wa Mtera na Kidatu kwa kompyuta, wakachapisha matokeo mwaka 2003, walielekeza macho kwenye uendeshaji wa mabwawa yenyewe. Hoja yao inastahili uzito kuliko uliopewa. Mgao uliporudi mwaka 2006, hatua iliyoonekana haraka ilikuwa kuwaondoa wafugaji Usangu, na mwaka 2008 Ihefu ikaunganishwa na hifadhi.

Ziwa nalo lilikwishapata watu wake. Wavuvi wa perege na kambare wa Mtera na Migoli, na wanaolima kingo maji yanaporudi nyuma, wanaishi kwa kupanda na kushuka kwa kina ambacho hupangwa kwa ajili ya mitambo, si kwa ajili yao.

Maji yanayotoka Kidatu sasa huingia pia Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Ruaha Mkuu ni sehemu moja tu ya mto huo, lakini kanuni ya kufungulia milango ya Mtera inayohesabu mahitaji ya Kidatu peke yake haitoshi tena.