Utaratibu wa Kukata Rufaa Kutoka Mahakama ya Mwanzo Bila Wakili

Mwananchi asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo katika shauri la madai, liwe la deni au la fidia, anayo haki ya kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Sheria ya Mahakama za Mahakimu, inayotumika Tanzania Bara, haimlazimishi kuwa na wakili.

Jambo la kwanza ni muda. Rufaa huwasilishwa katika Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30 tangu tarehe ya uamuzi. Kwa mfano, hukumu iliyotolewa Juni 3 hukatiwa rufaa kabla ya Julai 3 kumalizika. Aliyechelewa hulazimika kwanza kuomba kuongezewa muda, akieleza sababu za msingi na kutoa hesabu ya kila siku aliyochelewa.

Rufaa huandikwa katika hati yenye majina ya wahusika, namba ya shauri, tarehe ya uamuzi na sababu za rufaa. Kila sababu hupewa namba yake na kuelezwa kwa ufupi, kisha mrufani hutia saini. Hati inaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Nakala ya hukumu humsaidia mrufani kuandaa sababu zake, lakini si sharti iambatanishwe katika rufaa inayotoka Mahakama ya Mwanzo. Hivyo haifai kuisubiri hadi siku zikaisha.

Sababu nzuri ya rufaa huonyesha kosa mahususi: ushahidi uliopuuzwa, mhusika kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, au mahakama kuamua jambo lisilo katika mamlaka yake. Kusema tu kwamba hukumu haikuwa ya haki hakutoshi. Rufaa si kesi mpya. Ushahidi wa nyongeza hupokelewa pale tu mahakama inapoona upo ulazima.

Wananchi wanakumbushwa kuwa kukata rufaa pekee hakuzuii hukumu kutekelezwa. Mali ya mdaiwa inaweza kukamatwa na kuuzwa wakati rufaa ikiendelea, isipokuwa mahakama imekubali ombi la kusitisha utekelezaji. Aidha, mrufani asiyefika siku ya usikilizwaji bila sababu anaweza kufutiwa rufaa yake.

Asiye na uwezo wa kulipa ada anaweza kuomba msamaha wa ada mahakamani. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, watoa msaada na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa hutoa ushauri bila malipo kwa wasio na uwezo. Hata hivyo, msaidizi wa kisheria haruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani.

Asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Wilaya anaweza kwenda Mahakama Kuu ndani ya siku 30, kwa kuwasilisha rufaa katika Mahakama ya Wilaya iliyotoa uamuzi huo.