Tabaka la Mchanga Lililofichua Mporomoko wa Storegga

Wanajiolojia waliochimba kwenye vinamasi vya mashariki mwa Uskoti walikuta jambo la ajabu: tabaka jembamba la mchanga wa baharini, juu na chini yake udongo mweusi wa mimea iliyooza. Bahari ilifikaje huko, kisha ikaondoka?

Jibu lilikuwa ng'ambo, kwenye ukingo wa bara magharibi mwa Norwei. Meli za utafiti zilikuwa zikipiga mawimbi ya sauti kuelekea sakafu ya bahari na kunasa mwangwi wake, hadi matabaka ya mashapo yakaonekana kwenye karatasi yamelaliana kama mikeka. Katika eneo la Storegga mistari ya matabaka hayo ilikatika ghafla: mteremko ulikuwa umeporomoka. Tom Bugge alichapisha utafiti wake kuhusu mporomoko huo mwaka 1983. Zilikuwa zimeporomoka takriban kilomita za ujazo 3,000 za mashapo. Mwaka 1988 Alastair Dawson, David Long na David Smith wakauhusisha mchanga wa Uskoti na tsunami iliyozuka hapo.

Ushahidi unaonigusa zaidi ulipatikana pwani ya Norwei kwenyewe. Ndani ya mashapo ya tsunami, Stein Bondevik na wenzake walikuta vimea vidogo vya ardhini ambavyo bado ni vya kijani, kwa kuwa vilifukiwa papo hapo. Umri wa vimea hivyo ni takriban miaka 8,150, na hatua ya ukuaji viliyofikia inaonyesha kuwa wimbi lilipiga mwishoni mwa vuli.

Mwaka 1997 gesi asilia iligunduliwa Ormen Lange, ndani kabisa ya kovu la mporomoko. Je, mteremko ungeanguka tena? Watafiti walifuatilia matabaka ya mashapo ya zama za barafu, yaitwayo Naust, wakayagawa makundi matano: N, A, U, S na T. Chanzo kikajitokeza. Nyakati za joto mikondo ilitandaza udongo laini wa mfinyanzi. Nyakati za baridi barafu ilisukuma mashapo mazito hadi ukingoni na kuyarundika juu ya udongo huo upesi mno, maji yakabanwa ndani, udongo ukakosa nguvu. Hapo tetemeko lilitosha kuuangusha. Chini zaidi yalionekana makovu ya maporomoko ya kale zaidi.

Mzigo ule ulikuwa umekwisha kuanguka, na ili mwingine kama huo urundikane, zama nyingine za barafu zinahitajika. Uchimbaji ukaruhusiwa, na gesi ikaanza kutoka mwaka 2007.